Sikio Bovu la Uršulė

Nilikuwa nimefanya kazi kwa Uršulė Gervinienė miaka tisa nilipoonja paja lake la nguruwe la moshi kwa mara ya kwanza, siku Dievas alipokuja. Watu wa kijiji chetu cha Žvirbliškės watakusimulia habari hii kila mmoja na chumvi yake, na mkuu wa kijiji atakuambia haikutokea kabisa. Mimi nilikuwepo. Nilikaa kwenye kigoda karibu na jiko nikimenya viazi, na masikio yangu yote mawili ni mazima. Hilo la masikio usilisahau.

Uršulė alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mfupi, mpana, na funguo saba zikining'inia kiunoni. Asali ilikuwa na ufunguo wake, jibini na wake, nyama ya moshi na wake. Nilikuwa najua mahali alipo kwa ule mlio tu. Lakini ungemwita mkono wa birika angekushangaa, tena kwa dhati, maana mwenyewe alijihesabu mkarimu ambaye hajapata bado mgeni wa kumstahili. Mgeni aliyekuwa akimngoja ni Dievas, ndilo jina la Mungu kwetu.

Simsemi yule wa kanisani. Yule ana padri wake na kengele yake. Nasema yule wa bibi zetu, mzee wa juu, mwenye shamba lake kwenye kilima cha mbinguni pamoja na farasi, mbwa na bafu la mvuke, ambaye akichoka kukaa huko huvaa koti la kijivu, akashika fimbo na kushuka kupita mlango kwa mlango kama ombaomba, apate kuona nani ana roho na nani hana. Sote tumelelewa na hadithi hizo. Sote tuliambiwa kwamba ukimfukuza mzee mlangoni pako huwezi kujua umemfukuza nani. Wengine hapo walijifunza kumpa kila mzee kitu. Uršulė alijifunza kuwakagua.

Aliwakagua kama mtu anayenunua farasi sokoni. Mmoja alikuwa na jicho moja, akamwambia, "Nenda zako, Dievas hawezi kukosa jicho, atazionaje dhambi zetu?" Mwingine alinuka pombe. Wa tatu aliomba nyama kabla ya kuomba mkate, jambo ambalo Uršulė alisema mwenye shamba kubwa hawezi kulifanya kwa sababu kwake nyama ipo. Padri alimkemea mbele ya watu baada ya misa, akamwambia Mungu hatembei Žvirbliškės na gunia mgongoni. Uršulė akajibu kwa heshima kwamba Mungu wa padri ana nyumba ya mawe na hahitaji kulala kwa mtu, lakini Dievas ni mkulima mwenzake, tofauti ni ukubwa wa shamba tu, na wakulima hutembeleana.

Aliyemponza ni Baltrus. Huyu alikuwa ombaomba wa kuzaliwa, mjanja, aliyesikia njiani mama huyu anatafuta nini. Akajipaka unga ndevuni, akaingia bila kuomba chochote, akakaa akitazama dari na kutabasamu. Siku nne alikula mayai na maziwa. Siku ya tano mvua ilimkuta uani, unga ukageuka uji ukamtiririka kifuani, na Uršulė akamtoa na pauro ya tanuri. Baltrus alijitetea kwamba hakusema hata mara moja kuwa yeye ni nani. Ni kweli, hakusema. Basi tangu siku hiyo Uršulė akakata shauri: Dievas wa kweli atajitaja mwenyewe, kwa mdomo wake, maana mwenye mali haogopi kusema jina lake.

Sasa lile sikio. Miaka mingi nyuma, kabla sijaja, radi iliupiga mpea wa uani wakati Uršulė akiokota pea chini yake. Alibaki hai, ila sikio la kushoto likafa kabisa, na la kulia likabaki la kusikia nusunusu. Radi kwetu ni kazi ya Perkūnas, mtumishi wa Dievas, kwa hiyo alilisimulia jambo hilo kama mtu aliyetumiwa salamu kutoka juu. Lakini kwamba hasikii, hilo hakulikubali katu. Alichokosa kukisikia alikibuni. Jirani alimpita shambani akamsalimu kama tunavyosalimiana wakati wa kazi, "Dievas akusaidie," naye akajibu, "Ng'ombe huyu simwuzi, hata ungenipa litas mia tatu." Jirani alikwenda zake akicheka mpaka mtoni.

Mume wake, Motiejus, nilimkosa kwa majira machache tu. Alikufa kipindi cha baridi kabla sijaajiriwa. Alikuwa na ndugu mmoja, Silvestras, aliyekimbilia Amerika akikwepa jeshi la mfalme wa Warusi, akaenda kuchimba makaa ya mawe, na huko, tuliambiwa, akafukiwa mgodini. Uršulė alimsimamishia msalaba njia panda wenye jina lake. Alipenda kuutaja msalaba huo. Alisema ni wa mwaloni. Ulikuwa wa msonobari, na mguu wake ulikuwa umeshaanza kuoza.

Mwaka ule wa thelathini na mbili serikali ilikuwa ikivunja vijiji, kila familia ipewe shamba lake mahali pamoja badala ya vipande kumi huku na huku. Ardhi ya akina Gervinis, ukoo wa mume wake, ilikuwa bado kwa jina la baba yao: nusu ya Motiejus, nusu ya Silvestras. Mpima ardhi alitarajiwa Jumatatu. Mkuu wa kijiji, Vabalas, alikuwa amekwisha andaa karatasi ya kiapo kwamba Silvestras ni marehemu, kiapo walichokula yeye na Motiejus miaka kumi nyuma. Jumatatu ikipita salama, nyumba na shamba lote lingeandikwa Uršulė peke yake, na marehemu hata angefufuka asingekuwa na pa kuweka mguu.

Na Ijumaa alasiri mlango ukafunguliwa.

Mbwa wetu, Margis, hakubweka. Uršulė baadaye aliifanya hiyo kuwa ishara kubwa. Margis alikuwa na miaka kumi na minne na hakuwa amebweka tangu Pasaka.

Aliyeingia ni mzee mrefu aliyeinama, ndevu za kijivu mpaka kifuani, koti la kijivu, fimbo, mfuko mmoja. Alivua kofia. Akasimama akitazama boriti za dari moja baada ya nyingine, kama anazihesabu.

"Asifiwe Yesu Kristo," akasema.

"Milele," akajibu Uršulė, mkono tayari uko kwenye funguo, si kufungua bali kuzihakikisha. "Wa wapi wewe?"

"Wa hapa. Hunijui, Uršulė?"

Kusikia jina lake kukamshtua kidogo. Akasogea, akaligeuza sikio la kulia kwa ujanja wake, kama anayetazama dirishani.

"Nimjue nani? Wazee wanaopita hapa ni wengi. Jitaje."

Mzee akavuta pumzi, kifua kikakoroma, akasema, "Mimi ni dieveris wako."

Lazima nikueleze hapa, la sivyo utafikiri nimepiga chuku. Kwetu ndugu wa mume huitwa dieveris. Ni neno la kila siku. Lakini litamke kwa kifua kibovu, mbele ya mtu mwenye nusu ya sikio, ambaye moyo wake umeshaamua miaka mingi iliyopita utasikia nini, na mkia wa neno hilo unapotelea njiani. Uršulė alisikia, "Mimi ni Dievas wako."

Mimi nilisikia vizuri. Ningeweza kusema neno moja nikaokoa bata bukini aliyechinjwa siku ile. Sikulisema. Miaka tisa, paja linaning'inia juu ya kichwa changu.

Uršulė alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo, funguo zikalia kama kengele za misa.

"Nilijua utakuja," akasema.

Yule mzee akamtazama, na nikaona uso wake ukilainika. Masikini, alidhani anaombwa radhi.

"Inuka," akasema. "Kama ulijua nitakuja, basi ule msalaba njia panda wa nini?"

"Umeuona? Nimeusimamisha mimi, Baba, kwa mkono wangu. Ni mwaloni ule."

"Ni msonobari. Umeoza mguu."

Uršulė akaniangalia kwa jicho la ushindi, kana kwamba ananiambia: unaona, anajua yote. "Barbora, acha viazi," akasema. "Chinja bata. Yule mkubwa."

Alimkalisha pembeni chini ya picha za watakatifu, mahali ambapo hata padri alipokuja Krismasi hakukalishwa. Ufunguo mmoja baada ya mwingine ukafanya kazi. Ikaja jibini yenye bizari, asali kwenye sega, kabichi chachu, mkate mweusi mpya, na paja. Paja lote. Alilikata mwenyewe, na kipande cha ukingoni, chenye ngozi, kilipoanguka akaniambia nikile, nisibaki nakodoa macho mbele ya mgeni. Nilikila nimesimama. Nikiri tu, kilikuwa kitamu kuliko kitu chochote nilichowahi kula, na nilimchukia zaidi kwa hilo.

Mzee alitia jibini mdomoni, akaacha kutafuna. Machozi yakamtoka.

"Ni ya mama," akasema.

"Ni mapishi ya mama mkwe," akakubali Uršulė, aliyesikia neno la mwisho tu. "Kwako pia wanatia bizari?"

"Kule? Kule hawajui jibini ni nini. Kule ni giza na vumbi, Uršulė. Unashuka asubuhi, unapanda jua limezama."

Uršulė akatafakari habari hizi za mbinguni, na nikaona hazikumfurahisha. Shamba kubwa kiasi hicho na hakuna jibini. Akabadilisha mazungumzo.

"Mpea wa uani umeuona? Mtumishi wako aliupiga."

"Mtumishi wangu?" Mzee akanitazama. Nikaendelea kunyonyoa bata. "Sina mtumishi mimi."

"Basi alijituma mwenyewe," akasema Uršulė, akatikisa kichwa kama mwajiri kwa mwajiri mwenzake. "Ndivyo walivyo. Hata huyu wangu."

 Halafu mzee akaweka kisu chini, akauliza polepole, kwa sauti ya kutosha, "Motiejus alikufa kwa shida?"

"Hilo mimi ndiyo nikuulize wewe. Si yuko kwako?"

"Kwangu hayupo. Sijamwona Motiejus tangu siku ile ya stesheni."

Hilo alilisikia lote. Nilimwona akilisikia. Rangi ikamtoka usoni, akakamata ukingo wa meza. Miaka kumi alikuwa amemlipia mume wake misa kila mwezi wa Novemba, na sasa mwenye mbingu mwenyewe ameketi mezani pake, ana asali ndevuni, anasema mtu huyo hakufika.

"Hayupo," akasema. "Basi yuko kwa yule mwingine."

"Kwa nani?"

"Velnias." Hilo ndilo jina la Shetani kwetu, na wanawake huwa hawalitaji ndani ya nyumba. "Nilijua. Ni kile kiapo. Baba, msikilize mwanamke mjinga. Kiapo alikula yeye lakini kosa ni langu. Kama ni kuchapa, nichape mimi, yeye mtoe huko."

"Kiapo gani?" akauliza mzee. Lakini sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

Uršulė akakisema. Sijawahi kusikia mtu akitubu namna hiyo, na nimeungama nyuma yake kanisani mara nyingi nikimsikia akimpimia padri dhambi ndogondogo kwa kijiko. Sasa alizimwaga kwa ndoo. Kwamba baada ya vita ilikuja barua kutoka Amerika. Kwamba Silvestras aliandika yu hai, kifua kinamsumbua, anakusanya nauli arudi, na wamwachie tu kile chumba kidogo nyuma ya jiko. Kwamba Motiejus aliisoma mara tatu akilia kwa furaha, akatafuta kalamu, naye Uršulė akaichukua barua mezani akaitia kwenye tanuri pamoja na mikate. Kwamba akamwambia mume wake: nusu ya shamba, Motiejus, nusu, kwa mtu anayekohoa. Kwamba Vabalas alipewa nguruwe mdogo ili aape kuwa amepata habari za kifo. Na kwamba Motiejus aliapa pia, akarudi nyumbani, akalala akiangalia ukuta, na kabla ya theluji kuyeyuka akafa.

"Hakuniambia neno la ukali," akasema. "Alikataa tu kula mkate wa ule mwoko. Alisema una ladha ya karatasi."

Mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Na huyo Silvestras," akasema, "alikuwa mtu gani?"

"Mjinga wa moyo mzuri. Siku anaondoka buti zangu zilikuwa zinavuja, akanivulia zake. Akaenda stesheni na viatu vya gome la mti." Akajifuta pua kwa aproni. "Nilizivaa miaka sita. Buti nzuri."

Nilidhani atampiga. Ningekuwa mimi, ningempiga. Badala yake akanigeukia. Nilikuwa upande wa kushoto wa Uršulė, upande uliokufa.

"Binti," akasema, "huyu ananiita nani?"

"Anadhani wewe ni Dievas, mzee," nikasema. "Ulisema dieveris, akasikia Dievas. Amekungoja miaka mingi. Si wewe. Yule."

 Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na kitambaa alichojifutia kikatoka cheusi. Uršulė alingoja kwa adabu. Huenda aliona ndivyo wakubwa wanavyosamehe.

Lakini hakuwa amemaliza, mama yule. Alikuwa ametubu, na kwa hesabu zake mtu akishatubu biashara inaanza. Akajisogeza karibu, akasema kwa sauti ya chini, ile ya sokoni, "Sasa Baba, Jumatatu anakuja mpima ardhi. Wewe ni mkulima, unaelewa. Aandike lote kwangu, halafu mimi nitaubadilisha ule msalaba, niweke wa mwaloni kweli, mrefu, na paa juu. Na Motiejus umtoe."

Mzee akaacha kucheka.

"Mwite Vabalas," akasema.

Nilitumwa mimi, na nilikwenda mbio. Nilimkuta Vabalas anachoma jani la kabichi kutibu uvimbe mguuni, nikamwambia tu kwamba Bi Uršulė anamhitaji kuhusu karatasi ya Jumatatu na kwamba kuna bata. Alikuja amevaa koti la ofisi na karatasi yake mfukoni. Alivuka kizingiti, akamwona aliyekaa pembeni, akasimama. Vabalas na Silvestras walikuwa wamekua pamoja, wameiba tufaha pamoja, wamechapwa pamoja. Ndevu hazikumdanganya hata kidogo.

"Silvestras," akasema, bila sauti.

"Usimwite jina la marehemu," Uršulė akamkemea. "Vua kofia. Na uweke ile karatasi mezani, anajua kila kitu. Mpaka nguruwe anamjua."

Vabalas alinywea ndani ya koti lake. Kiapo cha uongo ni jela, na mtu aliyeapiwa alikuwa mbele yake anakula kabichi. Akamtazama Silvestras, Silvestras akamtazama yeye.

"Kwani... kwani huyu ni nani, Uršulė?" akauliza, akipapasa.

"Ni Dievas."

Nimewahi kuona wanaume wakiokoka kwenye barafu iliyopasuka. Uso wa Vabalas ulikuwa hivyo. Dievas hapeleki mtu mahakamani, na mbele ya Dievas mkuu wa kijiji haulizwi na wilaya. "Basi," akasema, akivua kofia, "kama ni Dievas, ni Dievas." Akaichana karatasi vipande vinne akavitia jikoni, akaomba kalamu, na pale pale mezani akaandika nyingine: kwamba habari za kifo zilikuwa za makosa, kwamba Silvestras Gervinis yu hai, na nusu ya shamba ni yake pamoja na chumba cha nyuma ya jiko. Uršulė aliweka alama yake ya msalaba bila kuulizwa mara mbili. Aliona anasaini karatasi ya kumtoa mume wake motoni.

Silvestras hakutaka kuipata ile nusu kwa uongo. Nampa haki yake hapo. Vabalas alipoondoka, alisimama, akainama kwenye sikio la kulia la shemeji yake, akasema kwa nguvu zote za kifua chake, "Uršulė. Mimi ni Silvestras. Nduguye Motiejus. Zile buti ni zangu."

"Ndiyo, Baba," akasema Uršulė. "Ukitaka uitwe hivyo, tutakuita hivyo."

Alimwambia tena Jumamosi. Akamwambia Jumapili, mbele ya padri, ambaye alimwambia pia. Uršulė alimsikitikia padri, kwamba mtu amesoma vile na bado hamtambui bosi wake. Jumatatu mpima ardhi alipigilia vigingi vyake katikati ya malisho, na jirani alipomuuliza Uršulė kwa kumchokoza kama kweli amemgawia shemeji nusu, alijibu bila aibu, "Shemeji? Shemeji nisingempa hata kiazi kilichooza. Nimempa Dievas mwenyewe."

Nami nadhani alijua. Si siku ile ya kwanza, lakini baadaye, mahali fulani nyuma ya kichwa, alijua. Ila kumkubali Silvestras kungemaanisha kwamba bata, paja na nusu ya malisho vilimwendea mtu anayekohoa, na kwamba maungamo yale yote yalisikiwa na yule aliyeibiwa. Mtu mwenye funguo saba hawezi kukaa na jambo kama hilo. Rahisi zaidi kukaa na Dievas.

Silvestras aliishi nasi misimu miwili ya baridi. Uršulė alimwosha miguu. Alimpashia maziwa na asali, alimtandikia manyoya, alimwamsha akikohoa na kumshika mgongo. Ilinikera, sifichi. Siku moja Uršulė akiwa amekwenda kukamua nikamwambia Silvestras kwamba nitamweleza mama huyu ukweli kwa ishara, kwa namna yoyote atakayoelewa, maana inaniuma kuona mtu anapendwa kwa makosa.

"Mwache, Barbora," akasema. "Silvestras aliandika barua, ikachomwa. Huyu mwingine anapewa asali."

Silvestras alikufa Machi. Msalaba ulikuwa tayari, na jina lilikuwa tayari. Vabalas alifuta mwaka wa zamani kwa kisu akachonga mpya, akafanya haraka na hakumtazama mtu. Nusu ya shamba ilirudi kwa jamaa pekee aliyebaki, ambaye ni Uršulė. Hakushangaa. Alisema Dievas huwa anakopa tu, na vigingi vya mpima ardhi akavigeuza kuni.

Siku ile ya mazishi tulirudi kutoka makaburini, nikaandaa chakula cha msiba. Nilikuwa napeleka bata mezani mlango ulipofunguliwa, na hapo akasimama mzee wa kweli wa barabarani, ameloa, mtu nisiyemjua, koti la kijivu na gunia. Margis alikuwa amekufa, kwa hiyo naye hakubweka. Mzee hakuomba nyama. Aliomba mkate.

Uršulė hakuinuka kumkagua. Hakuuliza jina, hakumtazama macho wala ndevu. Aligusa funguo zake, akanigeukia.

"Mwambie hatupokei tena," akasema. "Dievas ameshapita hapa. Nyumba moja haji mara mbili."

Nikamfuata mpaka kizingitini, nikamwambia maneno yale yale, kwa aibu, maana bata alikuwa akinukia mpaka nje. Yule mzee akavaa kofia yake taratibu. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia mwenzake aliyemtangulia njiani:

"Alipita lini?"

"Tumemzika leo asubuhi," nikasema.